Pima Mtu Kabla ya Kupima Bati

Hotuba niliyoitoa mbele ya mafundi bati, wahunzi na wanafunzi wa ufundi mjini Tanga. Wengi mmeniambia mlikosa nafasi ya kufika, basi naiweka hapa yote kama nilivyoisema.

Mheshimiwa mkuu wa chuo, walimu, mafundi wazee mlioketi safu ya mbele, shikamooni. Kaka zangu na dada zangu, habari za mchana. Nanyi vijana mliosimama kule mlangoni kwa kukosa viti, sogeeni huku. Mezani hapa kuna vitu, na nataka mvishike.

Wengi wenu mnanijua kwa baba yangu. Mimi ni binti wa fundi bati wa Ngamiani, hapa hapa Tanga. Nimelala utotoni kwa mlio wa nyundo, nimesoma kwa fedha ya makarai, ndoo na masanduku ya shule. Leo naishi Leeds, kaskazini mwa Uingereza, na kazi inayonilisha ni uuguzi, katika wodi ya mifupa. Lakini jioni, na Jumamosi nisipokuwa na zamu, natengeneza deraya. Mavazi ya chuma ya askari wa Ulaya wa miaka ya 1300 na 1400: chapeo, bamba la kifua, mikono, miguu. Silipwi. Naifanya kwa mapenzi, pamoja na kikundi kidogo cha watu wa kazi mbalimbali ambao nao hawalipwi. Yupo dereva wa basi, yupo mwalimu wa hesabu, yupo mzee mstaafu wa posta ambaye mikono yake ni ya ajabu.

Siku nilipompigia simu baba kumweleza, aliniuliza swali moja tu. Hakuuliza kwa nini. Hakuuliza nitapata nini. Aliuliza, "Shiti ya geji gani?" Yaani, bati la unene gani.

Maneno ya kazi hii mnayo tayari. Waliolelewa kanisani wanaijua dirii na wanaijua chapeo. Goliathi alivivaa, na Sauli alimvika Daudi, naye Daudi akavivua kwa sababu hakuwa amevizoea. Waliolelewa madrasa wanamjua Nabii Daudi kwa upande mwingine: yeye ndiye aliyelainishiwa chuma na Mwenyezi Mungu, akafundishwa kuunda mavazi ya chuma, na akaamrishwa apime sawasawa anapounganisha. Nimekaa na amri hiyo miaka mingi. Katika yote ambayo fundi angeweza kuambiwa, aliambiwa apime.

Basi tuanze na kupima.

Deraya ni nguo. Nalirudia kwa sababu ndipo wengi tunapopotea: deraya ni nguo. Kabla haijawa kazi ya mhunzi, ni kazi ya mshonaji. Nani hapa amewahi kushonewa suruali na fundi mzuri? Alianza na nini? Alianza na mkasi? Alianza na futi kiunoni mwako, akakuambia nyanyua mkono, geuka, chuchumaa.

Watu wengi wanaamini kwamba askari aliyevaa chuma mwili mzima akianguka alibaki chali kama kasa, na kwamba ilibidi ainuliwe kwa mashine apande farasi. Si kweli. Deraya kamili ya vita ya miaka ya 1400 ilikuwa na uzito wa kilo 20 hadi 25. Hiyo ni nusu ya mfuko wa simenti, na hapa ndani wapo vijana wanaobeba mfuko mzima kwa bega moja. Palikuwa na jemadari wa Ufaransa aliyeitwa Boucicaut. Mtu aliyeandika maisha yake, jemadari mwenyewe akiwa bado hai, anasimulia kwamba alipiga pindu akiwa amevaa deraya yote isipokuwa chapeo. Anasimulia pia kwamba alipanda ngazi iliyoegemezwa ukutani kwa upande wa chini, kwa mikono tu, amevaa koti la chuma. Alitekwa na Waingereza vitani Agincourt mwaka 1415, akafia kifungoni Yorkshire mwaka 1421, jimbo lile lile ninaloishi mimi. Nikipita barabara za mashamba kule namkumbuka, na najiuliza swali ambalo nawauliza ninyi sasa: mtu anapandaje ngazi namna ile na chuma chote kile mwilini?

Jibu liko kiunoni, nami nililipata kwa kukosea.

Bamba langu la kwanza la kifua nililipima kama shati. Kutoka shingoni hadi chini ya kitovu, nikaona hapo nitakuwa nimejikinga vizuri. Jioni za wiki sita. Likawa zuri kulitazama. Nikalivaa, nikakaa kitini, na ukingo wa chini ukagota mapajani, ukingo wa juu ukanipanda kooni. Nilishindwa kumeza mate. Nikainuka, nikalivua, nikalia. Jumamosi iliyofuata nikaenda kwenye makumbusho ya silaha, Royal Armouries, ambayo tangu mwaka 1996 yako pale pale Leeds, nikasimama mbele ya makabati ya vioo na kuyaangalia mabamba ya kifua moja baada ya jingine. Yote yanaishia mahali pamoja. Yanaishia pale mwili unapokuwa mwembamba, chini kidogo ya mbavu, juu ya mfupa wa nyonga. Chini ya hapo ni vipande vingine, vyembamba, vinavyopandiana kama magamba ya samaki, ili mtu akiinama navyo viiname. Na uzito wa bamba unakalia nyonga, hauning'inii mabegani. Mama aliyewahi kubeba mtoto kwa mbeleko analijua jambo hili bila kufundishwa. Mtoto akikalia nyonga utatembea naye hadi sokoni na kurudi. Akining'inia mabegani utachoka kabla hujafika barabarani.

Tena hupimi mwili mtupu. Chini ya chuma kuna koti nene la kitambaa, limeshonwa tabaka kwa tabaka, na kamba za kufungia mabamba zimeshonewa humo. Asiye na koti hilo hana deraya, ana vyuma tu. Makoti ya namna hiyo yalikuwa yakivaliwa hata peke yake. Mfalme Louis wa 11 wa Ufaransa aliagiza ya askari wake yawe na tabaka 30 za kitambaa, au 25 kwa uchache, pamoja na ngozi ya kulungu. Tabaka thelathini! Mshonaji aliyepitisha sindano humo alikuwa fundi kama mhunzi. Kwa hiyo shona koti kwanza. Livae. Ndipo uchukue kadibodi, mkasi na utepe wa gundi, ukate vipande vya karatasi na kuvivaa juu ya koti, ukikaa, ukiinama, ukiinua mikono kama anayeanika nguo. Kila mahali kadibodi inapokunjamana, chuma kitakuuma. Mimi sikati bati hata sentimita moja kabla kadibodi haijanyamaza.

Hapa uuguzi umenisaidia kuliko nilivyotarajia. Wodini tunafunga plasta. Plasta ikipita kiungo inabana, na mgonjwa atakuambia usiku huo huo. Tunafundishwa kugusa mahali mfupa ulipo karibu na ngozi: kifundo cha mguu, kiwiko, muundi. Hapo ndipo hapo chuma kinapochubua. Nilipoanza kutengeneza mabamba ya miundi, mikono yangu ilikuwa imeshajua njia.

Niwape mfano wa mafundi waliolijua jambo hili kuliko wote. Mwaka 1520 mfalme Henry wa 8 wa Uingereza alikuwa akijiandaa kwa mashindano makubwa na mfalme wa Ufaransa, karibu na Calais. Karakana yake ya Greenwich ikamtengenezea deraya ya kupigana kwa miguu. Ina vipande 235. Uzito wake ni zaidi ya kilo 42, maana ilikuwa ya mchezo, si ya safari ya vita. Na haina mwanya. Ndani ya kiwiko, nyuma ya goti, makalioni, kote kuna vipande vyembamba vinavyoteleza kimoja juu ya kingine, mtu akikunja vinakunjika, akinyoosha vinanyooka. Miezi michache kabla ya mashindano Wafaransa wakabadilisha masharti. Deraya ile ikasimamishwa haijamalizika, ikaunganishwa nyingine haraka haraka, baadhi ya vipande vikitoka kwenye deraya za zamani. Lakini ile ya kwanza ipo hadi leo, na wahandisi wa Marekani waliokuwa wakibuni mavazi ya wanaanga waliichunguza. Fikirini. Mtu anayekwenda kutembea nje ya dunia anauliza fundi nyundo wa mwaka 1520 namna ya kukunja kiwiko.

Nimemaliza habari ya kupima. Sasa bati lenyewe.

Natumia shiti nyeusi ya kawaida, isiyopakwa zinki, ile ile mnayoikata ninyi. Milimita moja na nusu kwa kifua, mbili kwa chapeo, moja na pointi mbili kwa mikono. Vifaa vyangu vya kwanza vilikuwa mkasi wa bati, tupa, nyundo ya kichwa cha mviringo na gogo la mti mgumu lililochimbwa shimo la kina cha bakuli. Kikombe cha kiwiko unakianza hivi: unalaza bati juu ya shimo, unapiga karibu na ukingo, unazunguka taratibu kuelekea katikati, pigo jirani na pigo. Usipige kwa nguvu. Piga kwa hesabu. Bati litaanza kukunjamana pembeni kama kitambaa. Unaurudisha mkunjo kabla haujalala, maana ukilala umekuwa ufa. Likikakamaa na nyundo ikianza kuruka, litie moto mpaka liwe jekundu, uliache lipoe lenyewe. Litakuwa limelegea tena.

Mafundi wazee mnanicheka kwa macho, najua, kwa sababu haya mnayafanya tangu sijazaliwa. Ndiyo maana nimekuja kuyasemea hapa. Pale Leeds nilihangaika na ukingo. Ukingo wa bamba la shingoni lazima ukunjwe, usimkate mtu na usipinde ukipigwa. Niliangalia kipande cha zamani kwa karibu, nikaona mkunjo umeviringwa juu ya waya. Nikasimama nimeshika kitasa cha kabati. Ule ulikuwa ukingo wa karai! Ule ulikuwa ukingo wa ndoo ya baba! Waya, mkunjo, nyundo nyepesi, unafungia waya ndani. Fundi wa Milano, kule Italia, wa miaka ya 1400 na fundi wa Ngamiani wamefika mahali pamoja kwa sababu bati ni lile lile na mkono wa binadamu ni ule ule.

Nilikuja likizo na kikombe cha goti kilichopasuka. Nilikuwa nimekipiga nikitoka zamu mbaya ya usiku, tumempoteza mgonjwa. Sikumwambia baba lolote. Alikichukua, akakigeuza, akapitisha kidole gumba ndani yake polepole amefumba macho, akasimama mahali karibu na ufa. "Hapa," akasema, "ulikuwa na hasira." Pale bati lilikuwa jembamba kama karatasi. Ukilizamisha bati shimoni linanyooka, na likinyooka linakonda. Mafundi wa zamani walilijua hilo, ndiyo maana chapeo nyingi njema zina unene zaidi pale mbele, penye paji la uso, na zimepungua kisogoni. Walikuwa wakilikusanya bati kwa kupiga kutoka nje juu ya fuawe, siyo kulinyoosha tu kutoka ndani. Hiyo ni njia ya polepole. Bado najifunza, na sijui kama nitaimaliza.

Kwa anayeanza, nashauri asianze na chapeo. Aanze na koti la mabamba. Mwaka 1361, mwezi wa Julai, jeshi la mfalme wa Denmark liliwaua wakulima wa kisiwa cha Gotland nje ya kuta za mji wa Visby. Maiti zilikuwa nyingi, joto lilikuwa kali, wakazikwa kwenye makaburi ya pamoja na wengine hawakuvuliwa hata walichovaa. Makaburi yalipofukuliwa, miaka zaidi ya mia tano baadaye, mavazi yao yalikuwamo: mabamba madogo madogo ya chuma, yaliyopigwa ribiti ndani ya koti la ngozi au kitambaa. Hayana uzamishaji wa kina. Hayahitaji hata moto. Mwanafunzi mwenye mkasi, tupa na ribiti anaweza kulitengeneza kwa miezi michache. Ila anapoyapiga ribiti akumbuke yalitoka wapi. Mimi nilipotengeneza la kwangu nilisoma habari za mifupa ile, kulikuwa na wazee na watoto, na kwa siku kadhaa sikugusa nyundo.

Hapa nitoke kidogo njiani, na hili naomba mlichukue kama neno la muuguzi.

Msitie moto bati lililopakwa zinki. Nalisema tena. Bati la kuezekea, ndoo ya zamani, bomba lile linalong'aa kijivu: msilitie moto. Utaona moshi mweupe. Jioni utahisi kiu, ladha ya chuma mdomoni, kisha baridi, homa, viungo vyote vinauma. Baba yangu alikuwa hivyo mara nyingi nilipokuwa mtoto, na kila mara tulisema ni malaria. Alimeza dawa za malaria, kesho yake au kesho kutwa homa ikaondoka, nasi tukasema dawa imefanya kazi. Haikuwa malaria. Ulikuwa moshi wa zinki, na homa yake huondoka yenyewe kwa siku moja au mbili. Niliyajua haya nikiwa darasani Uingereza, nikatoka nje ya darasa. Na maziwa? Kila karakana wanakunywa maziwa. Maziwa ni chakula kizuri, kunyweni, lakini hayaoshi mapafu. Kinachokulinda ni shiti nyeusi, mahali pa wazi na barakoa inayofaa kwa moshi wa chuma.

Na masikio. Nyundo juu ya bati ni kelele inayoua masikio kidogo kidogo. Mkiwa mnamwamkia baba yangu leo na asiitikie, msidhani ana kiburi. Msimamieni mbele, ayaone midomo yenu. Vijana, vizibo vya masikio ni bei ndogo. Vaeni leo, mkiwa na miaka kumi na minane.

Tunarudi.

Kumalizia. Hili ndilo lililonileta, na hapa ndipo wengi wa wenzangu kule huachia njiani. Umbo likishapatikana mtu anaona kazi imekwisha, anapaka rangi nyeusi ya kopo, anavaa. Kwangu mimi umbo ni nusu. Nusu nyingine ni kila kilichopo kati ya umbo na mtu.

Kwanza kitambaa cha ndani na ukanda wa kidevu, na mniwie radhi nikianza na habari ya huzuni. Kilomita kama ishirini kutoka Leeds kuna kijiji cha Towton. Tarehe 29 Machi 1461, Jumapili ya Matawi, majeshi mawili ya Waingereza yalipigana pale katika theluji. Mwaka 1996 likapatikana kaburi la pamoja la baadhi ya waliouawa. Wengi walikuwa na majeraha kichwani, na si jeraha moja. Wataalamu walioichunguza mifupa wanaona kwamba huenda watu wale hawakuwa tena na chapeo. Ama walizivua wakikimbia, ama ziliwatoka. Nimefunga bandeji vichwa vingi. Tangu nisome habari ile, chapeo haitoki mikononi mwangu bila kitambaa cha ndani kinachokikumbatia kichwa, na ukanda wa kidevu ulioshonwa kwa uzi wenye nta, mshono maradufu. Kung'arisha kutasubiri.

Halafu ndipo uso wa chuma. Watu husema deraya ilikuwa inang'aa tu. Zilikuwapo za rangi nyingi. Nyeupe, yaani chuma kilichosuguliwa mpaka kikawa kioo. Nyeusi, iliyoachwa kama ilivyotoka kwenye nyundo na moto, mara nyingi kwa askari wasio na fedha, kwa sababu kusugua kuligharimu. Kahawia, ambayo ni kutu iliyoachwa ianze kwa makusudi kisha ikazuiwa. Na buluu. Karakana kubwa ziliwatenga watu: fundi nyundo mbali, fundi wa kusugua mbali. Greenwich kwa mfalme Henry walikuwapo wasuguaji wenyewe, na mawe ya kusugulia yakizungushwa na kinu cha maji. Mji wa Augsburg kule Ujerumani ulipiga muhuri wa tunda la msonobari kwenye kazi zilizotoka kwa mafundi wake. Hayo yote mimi nayafanya peke yangu jikoni na kwenye banda la nyuma ya nyumba.

Kusugua kuna amri moja: usiruke namba ya msasa. Kwanza nyundo nyepesi juu ya fuawe laini mpaka makovu makubwa yaishe, maana msasa hauondoi shimo, unalizunguka tu. Kisha msasa namba 80, wote kwa upande mmoja. Kisha 120, ukivuka mistari ya kwanza. Hutaki kuona hata mstari mmoja wa 80. Kisha 240, ukivuka tena. Kisha 400. Ukiruka, mkwaruzo wa 80 utakungoja chini ya mng'aro, na utauona siku ya jua, mbele za watu. Grenda inasaidia, lakini inakula bati haraka, na inakata vidole. Bamba moja la kifua linanichukua jioni kumi na mbili kulisugua. Huwa nafikiria wagonjwa wangu wakati huo. Ni saa nzuri.

Buluu ni habari nyingine. Chuma safi kikipashwa moto hubadilika rangi mbele ya macho yako. Kwenye nyuzi 220 na ushei kinakuwa rangi ya majani makavu, kisha kahawia, karibu 280 kinakuwa zambarau, na karibu 300 inakuja buluu kama maji ya kina mbele ya bandari yetu hapa alfajiri. Sekunde chache mbele yake kuna kijivu, na kijivu hakirudi nyuma. Kikombe changu cha kwanza cha buluu nilikisugua wiki mbili. Nikakipasha kwa gesi polepole, rangi ikaja, ikaenea, nikashusha pumzi. Ilipopoa nikaona alama ya kidole gumba katikati. Kidole changu mwenyewe, kila mstari unaonekana. Nilikuwa nimekigusa mara moja tu baada ya kukifuta, na jasho la kidole likakataa buluu. Hakuna kiraka kwa hilo. Nikakirudisha kwenye msasa 240, nikaanza tena, na tangu siku hiyo nafuta kwa spiriti na kushika kwa koleo.

Ninyi wa Tanga mna adui ambaye Leeds anakuja kwa msimu tu: kutu. Hapa analetwa na hewa ya chumvi. Siku ya kumbukumbu ya vita vile pale Towton kulinyesha manyunyu, tukatembea saa tatu, jioni mikono yangu yote ya chuma ilikuwa na madoa ya rangi ya chungwa. Hapa pwani hutahitaji mvua. Chuma kilichong'arishwa kifute jasho siku hiyo hiyo, kipake mafuta mepesi, kisha nta. Buluu peke yake haizuii kutu. Kwa hapa ningeshauri nyeusi: pasha bati moto wa wastani, paka mafuta ya kitani safu nyembamba sana, yaache yaungue mpaka yakauke, paka tena, mara nne au tano. Inadumu, na inapendeza. Ndani acheni kama ilivyo. Kwenye makumbusho ukibahatika kuinama na kuchungulia ndani ya chapeo ya miaka ya 1400, utaona weusi wa moto na alama za nyundo, kila pigo mahali pake. Mfalme aliona nje. Ndani fundi aliacha mkono wake.

Basi nimesema vya kutosha. Hii hapa chapeo, ipitisheni, mchungulie ndani. Hiki kikombe cha buluu kishikeni kwa kitambaa, tafadhali. Na hiki kilichopasuka alichokishika baba, nacho nimekuja nacho. Pitisheni gumba mle ndani, mtapaona mahali penyewe.

Kadibodi iko kwenye lile sanduku, mikasi ipo minne. Wewe mwenye shati la kijani, ndiyo wewe, njoo mbele. Vua saa. Vaa hili koti, funga kamba zote. Sasa kunja mkono kama unayekunywa chai, na usinyooshe mpaka nikuambie.